Kikorogeo Kilichofifia Weupe

Ilikuwa Jumatano, saa tatu kasorobo asubuhi, na manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu alfajiri. Mkemia alisimama maabarani mbele ya chupa mbili, roho juu. Saa nne angehojiwa kwa njia ya kompyuta na profesa wa chuo kikuu cha ng'ambo aliyekuwa akitafuta mtafiti mwenye shahada ya uzamivu. Alikuwa ameomba nafasi za namna hiyo kila zilipotangazwa, na huyu ndiye wa kwanza kutaka kumsikiliza. Nyumbani, mdogo wake alikwisha kumbandika jina: Daktari Bila Wagonjwa.

Profesa alivutiwa na jambo moja tu. Mkemia alikuwa ameunganisha molekuli mbili bila metali ya kuchochea mmenyuko, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Jana jioni aliandaa chupa mbili zinazofanana ili apate picha mpya za kuonyesha. Sasa ya kushoto ilikuwa ya manjano, kama kawaida mmenyuko unapofanyika. Ya kulia ilikuwa angavu kama maji.

Tofauti ilikuwa kikorogeo, kile kisumaku chenye gamba la plastiki kinachozunguka ndani ya chupa. Cha kulia kilikuwa kipya. Cha kushoto ni kile alichokipenda miaka yote kwa sababu hakikwami. Kilikuwa kimerithiwa kutoka kwa watu waliofanya kazi na metali, na weupe wake ulikuwa umefifia.

Msimamizi wake aliingia akikung'uta mwavuli.

"Mbona umeganda kama sanamu?"

"Mwalimu, metali ilikuwamo. Imejificha kwenye gamba la kikorogeo."

Mwalimu alizitazama chupa. Makala ya ugunduzi ule ilibeba majina yao wawili.

"Jaribio moja tu hilo. Jibu unachoulizwa, binti yangu. Pata kazi kwanza."

"Na nikifika huko, mmenyuko ukagoma?"

"Hutakuwa wa kwanza kugomewa." Alicheka peke yake.

Simu ililia. "Daktari Bila Wagonjwa! Mama anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula." Hakuwa ametia kitu kinywani.

Saa nne profesa alitokea kwenye kioo cha kompyuta, miwani ikiwa imeteleza puani. "Karibu. Nieleze, unafanyaje bila metali?"

Mkemia alikiinua kikorogeo cha zamani mbele ya kamera.

"Jana ningekueleza vizuri sana. Jana jioni nilitumia kikorogeo kipya, na hadi leo asubuhi hakuna kilichotokea. Nadhani metali imenasa humu."

Profesa alivua miwani. "Nafasi hii niliitenga kwa ajili ya mmenyuko huo."

"Naelewa."

"Basi leo sina swali jingine. Asante kwa kuniambia mapema."

Kioo kikawa cheusi.

Profesa alimwita mwombaji aliyefuata. Msimamizi alijifungia ofisini, akaanza kuliandikia jarida lililochapisha makala yao, akafuta, akaanza upya. Mama alifunika chakula mezani. Mdogo mtu hakutumia lile jina jioni nzima. Mkemia alifungua pakiti ya vikorogeo vipya, akaandaa chupa sita, akaketi kuzisubiri huku akisoma matangazo ya kazi.