Betri za Kengele ya Bi Sikuzani

Semeni si mtu wa kelele. Uliza Mtendeni nzima. Ndiyo maana Ijumaa ile alipoanza kufoka, majirani walitoka vibarazani kutazama kulikoni. Lakini mtu akimchezea mama yako mzazi, utanyamaza?

Alikuwa anarudi kutoka dukani kwake, kapu la mboga mkononi, akaona moshi unatoka dirishani kwa mama yake. Haukuwa moshi wa udi. Huu ulikuwa mweusi, unanuka nguo. Alilitupa kapu palepale akaingia mbio. Pazia lilikuwa limewaka hadi katikati, na chini yake chetezo kimepinduka, makaa yametapakaa sakafuni. Bi Sikuzani alikuwa kitandani, uso ameugeuzia ukutani, anakohoa. Tangu apatwe na kiharusi upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na sauti yake haivuki mlango. Semeni alilivuta pazia kwa mikono mitupu, akalikanyagakanyaga, akalimwagia ndoo ya maji. Kisha akambeba mama yake hadi uani, akamlaza mkekani.

Huko uani alikuwapo Sheima, binti yake, anaanua nguo. Hakuwa amesikia lolote. Angesikiaje, na mashine ya kusaga ya jirani inanguruma tangu asubuhi?

"Nilimfukizia Bibi kwanza, kama kawaida," Sheima alisema huku akilia. "Nikaacha chetezo kwenye kigoda hapo dirishani, nikaja kuanua nguo mara moja. Nilijua kengele ipo, Mama."

Kengele! Semeni akarudi ndani.

Kengele ile ya moshi aliitafuta yeye mwenyewe, baada ya kaa la udi kutoboa godoro la mama yake mwaka jana. Kaka yake Yaser aliileta kutoka Dar es Salaam, wakaipachika darini juu ya kitanda. Ikilia, hata mashine ya jirani haifui dafu. Kila mwanzo wa mwezi Semeni alipanda kigoda, akaifuta vumbi, akabonyeza kitufe, ikapiga ukelele wake, roho yake ikatulia. Shida ilikuwa Ijumaa. Nyumba yao haipitishi Ijumaa bila udi, na kengele haijui tofauti ya udi na moto. Walikubaliana kwamba madirisha yafunguliwe, na ikilia iachwe ilie mpaka inyamaze yenyewe. Aliyenuna ni mmoja tu, Ghalibu, mumewe, aliyesema inamwaibisha mbele za watu.

Sasa Semeni alipanda kigoda, akaifungua. Ndani hamkuwa na betri hata moja.

Akiwa bado juu, alisikia adhana ya alasiri sebuleni. Ilikuwa ile saa ya ukutani inayoadhini, zawadi ya shangazi yake Ghalibu kutoka Muscat. Saa hiyo ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Leo inaadhini kwa kifua kipana. Semeni hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Ghalibu alirudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, tasbihi mkononi, akamkuta mkewe mlangoni.

"Baba Sheima, betri za kengele ziko wapi?"

"Ah, nimeziazima tu. Si unajua leo Ijumaa, hilo lidude lingeanza makelele yake. Ningezirudisha."

"Ulimwambia nani?"

"Mama Sheima, nimeziweka kwenye jambo la ibada. Sikuzitia kwenye redio."

"Usimsingizie Mungu!" Hapo ndipo majirani walipotoka. "Msikiti uko hapo nyuma, adhana unaisikia hata ukiwa bafuni! Saa hiyo unaitaka wageni wako waisifie. Kwa sifa hizo mama yangu nusura aungue!"

Ghalibu alichungulia uani, akamwona mkwewe amelala mkekani, masizi puani. Alishtuka, hilo tumpe haki yake. Lakini mwanamume huyu hajui kuomba radhi, na badala ya kunyamaza akafungua mdomo.

"Alhamdulillahi, mzima. Limeungua pazia tu. Na yeye naye angepiga kelele mapema, Sheima angekuja."

Angepiga kelele! Semeni aliona giza kwa hasira. Alimshika mumewe mkono wa kanzu, akamvuta mpaka chumbani kwa mama yake.

"Lala."

"Nilale wapi?"

"Hapo alipolala Mama. Lala!"

Ghalibu alicheka, akamtazama machoni, akaacha kucheka. Akalala. Semeni aliyazoa makaa ambayo maji hayakuyafikia, bado mekundu, akayarudisha kwenye chetezo, akayamwagia ubani konzi nzima. Moshi ukajaa.

"Haya, piga kelele. Tutakuja."

Akafunga mlango, akaenda kuketi mkekani, akaushika mkono wa mama yake. Mashine ya jirani iliendelea kunguruma. Sheima alikuwa hana raha, macho yote mlangoni.

"Mama, labda Baba anaita."

"Sijui. Wewe unasikia?"

Sheima alitega sikio, akatikisa kichwa.

Mara Ghalibu akatokeza uani mbio, kofia mkononi, macho mekundu, anakohoa hadi anainama.

"Nimewaita! Nimeita mpaka koo limenikauka! Hamkunisikia?"

"Hatukukusikia," Semeni alisema.

"Ulitaka nife mle ndani? Kama nisingeinuka nikakimbia, ninge..."

Pale mkekani, Bi Sikuzani alikuwa anamtazama.