Jembe Siku ya Msiba

Kijiji cha Ha Lephoto, katika milima ya Wasotho, kina mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya zizi la chifu. Anayetaka kuongea na walio mbali hupanda pale, akasimama wima na asigeuke, maana akigeuka sauti hukatika. Jumatatu jioni, kabla jua halijazama, aliyekuwa amesimama juu ya jiwe ni Mwalimu Puleng. Moliehi alikuwa ameketi chini kwenye majani, akimshikia blanketi.

Puleng halikuwa jina la kuzaliwa. Kwao Marekani aliitwa Karin. Alipokuja kujitolea kufundisha, alishuka garini mvua ikinyesha baada ya ukame mrefu, na mama yake Moliehi, aliyepewa kazi ya kumkaribisha nyumbani kwake, akamwita Puleng, binti wa mvua. Mwaka wa pili sasa alikuwa akilala katika nyumba ya msonge iliyo upande wa kulia wa uwanja wao, akioga kwa beseni, akila ugali na mboga za majani kama wao.

Alishuka kutoka kwenye jiwe polepole, simu ikiwa bado mkononi.

"Ni nani, dada?" Moliehi aliuliza.

"Kaka yangu. Baba amefariki."

Moliehi aliinuka kumfunika blanketi. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

"Usimwambie mtu, Moliehi. Hata Mama."

"Lakini dada..."

"Nikipewa pole nitalia. Nikilia sitaweza kusimama mbele ya watoto. Mto umejaa, gari haliwezi kuvuka kuja kunichukua. Watamzika Ijumaa na mimi nitakuwa bado hapa. Acha nifundishe tu."

Moliehi akaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiyo ilikuwa lugha yake. Alikuwa na miaka kumi na minane, shule aliiacha darasa la tano bibi yake alipopooza miguu, na hata dukani alinunua chumvi kwa kuinyooshea kidole. Mtu pekee aliyezungumza naye kwa maneno marefu ni mwalimu huyu. Jioni baada ya chakula walikaa jikoni, mwalimu akisahihisha madaftari, Moliehi akisoma kwa sauti ndogo kutoka kitabu cha darasa la sita. Kurasa zikiwachosha, mwalimu alimsimulia habari za baba yake na ng'ombe wake.

Jumanne asubuhi mwalimu alikunywa chai, akafunga viatu, akaenda shule kama kawaida. Alifundisha hesabu za sehemu mpaka saa nne. Halafu akawatoa watoto nje, akachukua jembe, na wote wakaanza kulima bustani ya shule ili wapande kabichi.

Moliehi alikuwa akitoka kisimani na ndoo kichwani. Alipomwona kupitia senyenge, miguu ilimkwama. Kwao udongo haupigwi jembe wakati mtu wa nyumba yenu amefariki na hajazikwa. Hilo mtoto hulijua kabla hajajua kufunga vifungo, na mwalimu hakuwahi kuambiwa kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu asiyelijua. Moliehi alifumbua mdomo. Watoto wakamwona, mmoja akacheka, "Dada Moliehi amegeuka nguzo!" Aibu ikamshika. Akafumba mdomo, akaenda zake na maji.

Saa tisa mawingu yalikuja kutoka upande wa milima, meusi chini na meupe juu. Mvua ya mawe ilipiga kwa muda mfupi tu, lakini ilipokwisha mahindi yalikuwa yamebaki mabua, na pichi zilikuwa chini zimepasuka, kuku wanazidonoa.

Jumatano chifu aliita mkutano. Chifu wa Ha Lephoto ni mwanamke, Mamosa, aliyeshika nafasi hiyo mumewe alipofariki, na hapendi maneno mengi. Wanaume walikaa upande mmoja wamejifunga mablanketi, wanawake upande wa pili. Walimu na wanafunzi walisimama nyuma.

"Mawe hayaji bure," alianza Sekake. Shamba lake ndilo lililopigwa kuliko yote. "Kuna mtu ameligusa shamba akiwa na msiba. Mama Tumelo, nguo nyeusi za ujane hujazivua, na jana ulikuwa kwenye maharage. Nilikuona."

"Nilikuwa nachuma, Sekake. Sikulima."

"Nani anajua?"

"Muulize mkeo, kama anakumbuka shamba liko upande gani!"

Watu walicheka kidogo. Wengi walikuwa wamepoteza chakula cha mwaka, na kicheko hakikukaa. Mzee mmoja akasema Mama Tumelo aende kwa kaka zake mpaka nguo nyeusi zivuliwe. Mwingine akaunga mkono. Mama Tumelo alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

Moliehi alipima mambo mawili. Akisema, watamgeuzia mwalimu wake maneno hayohayo, na pengine watamfukuza. Akinyamaza, mjane huyu atafungasha leo. Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma, amekunja uso, akijaribu kufuata Kisotho kilichokuwa kikienda mbio.

Moliehi akasimama. Mama yake alimvuta sketi, akidhani amechoka kukaa.

"Ni kwetu," alisema.

"Nani anaongea? Sisikii," chifu alisema.

"Msiba uko kwetu. Baba yake Mwalimu amefariki. Tangu juzi. Mimi nilijua. Jana nilimwona akilima, nikapita na ndoo yangu."

 Sekake ndiye aliyejibu kwanza.

"Kwa hiyo mahindi yangu yameliwa na Mmarekani aliyefia kwao!"

"Funga mdomo, Sekake. Marehemu hakushika jembe." Chifu akageuka nyuma. "Mwanangu, ni kweli?"

Mwalimu alimtazama Moliehi kwanza, kwa muda mrefu. "Ni kweli."

"Kwa nini hukusema?"

"Sikutaka kuwasumbua."

"Kutusumbua?" Mama Moliehi aliruka juu. "Tulipomzika bibi hapa, nani alimenya viazi mpaka vidole vikakunjamana? Ulitusumbua siku ile? Unalala kwangu, unakula kwangu, halafu unafiwa peke yako kama mbwa wa barabarani?"

Akakaa chini.

Chifu hakungoja. Mama Tumelo abaki nyumbani kwake. Jembe lisiguswe mpaka Ijumaa, siku marehemu atakapozikwa. Matanga yakae nyumbani kwa Mama Moliehi.

"Na mahindi yangu?" Sekake aliuliza.

"Mahindi hayarudi." Kisha chifu akanyoosha kidole. "Na wewe uliyejua ukanyamaza, utakaa na mfiwa godorini. Wewe ndiye utakayesema."

Moliehi aliona afadhali angepigwa fimbo. Katika matanga mfiwa hasemi. Aliyekaa naye ndiye humsimulia kila anayeingia jinsi kifo kilivyokuja, tangu mwanzo, hata wakiingia hamsini.

Wanawake walitoa kitanda cha mwalimu, wakatoa meza na madaftari yake, wakatandika godoro chini. Mwalimu akakalishwa, blanketi mabegani. Walipobaki wawili alisema, "Nilikuomba usiseme."

"Uliniomba," Moliehi alijibu. Kisha mwalimu akamweleza yote aliyoambiwa na kaka yake kwenye simu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Tumelo. Moliehi alianza kwa kunong'ona, macho kwenye mkeka.

"Ongeza sauti, mwanangu. Sikio langu moja limeshatangulia."

Akaongeza. Alisema marehemu aliitwa Arne. Alianza kukamua ng'ombe akiwa na miaka tisa. Siku hiyo aliamka saa kumi alfajiri kama siku zote, theluji nje imefika magotini. Wanawake walitikisa vichwa, theluji wanaijua. Alianguka zizini, na ng'ombe walipolia bila kunyamaza ndipo jirani alipokuja kutazama.

Siku mbili watu waliingia na kutoka. Wengine walileta unga, wengine kuni, na waliokosa vyote walileta wimbo. Mwalimu alikaa macho makavu, akitazama ukuta, na wanawake wakaanza kuulizana kwa nyusi.

Ijumaa mchana aliingia Sekake. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Alikaa karibu na mlango kama mtu asiyekusudia kukaa sana, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe wangapi?" aliuliza.

"Arobaini na wawili," Moliehi alijibu.

"Wote wa maziwa?"

"Wote."

Sekake alifikiri, akiizungusha kofia. "Ng'ombe wa maziwa huujua mkono wa mtu. Sasa nani anawakamua?"

Moliehi hakujua. Akamgeukia mwalimu, na mwalimu, aliyetakiwa kunyamaza, alifungua mdomo.

"Hakuna," alisema. "Kaka yangu anaishi mjini. Alisema wangechukuliwa jana. Zizi ni..."

Hakumaliza. Kilio kilitoka kifuani, kikubwa, kibaya, kilio cha mtu aliyekibeba tangu Jumatatu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama Moliehi alianza wimbo chinichini, wengine wakaupokea. Moliehi akamshika mgongoni, akahisi mbavu zikipanda na kushuka chini ya blanketi.

Sekake hakuaga. Alitoka mpaka langoni, penye beseni la maji yenye vipande vya mshubiri, wanamonawa watu siku ya maziko, akanawa mikono polepole, akakaa chini na wanaume wengine.

Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wawili kutoka kijiji cha ng'ambo. Mto ulikuwa umeanza kupungua, wamevuka kwa miguu, sketi zao zimelowa. Waliketi, wakasema pole, wakangoja.

Moliehi aliinua uso.

"Aliitwa Arne," alisema, na hakuna aliyemwambia aongeze sauti. "Alianza kukamua akiwa na miaka tisa."