Boriti Haijasogea

Shule ilipofungwa, Mwalimu alifuta ubao, akanawa chaki mikononi, akachukua chakula alichopika asubuhi na kwenda kumlisha baba yake. Karakana ya kushonea ilikuwa mtaa wa pili kutoka shuleni, chini ya jengo la ghorofa tatu, na ili kuingia ilimbidi ainamishe kichwa mlangoni. Wengine hawakuhitaji kuinama. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu. Urefu huo aliuchukua kwa baba yake, na wanafunzi walimwita Mlingoti wakidhani hajui.

Ndani cherehani zilikuwa zikilia kama kawaida. Baba alikuwa palepale alipomwacha jana, kando ya meza ya kukatia vitambaa, miguu ameipanua kidogo, mikono juu, viganja vimeshika boriti ya zege. Juu ya boriti hiyo kulikuwa na kliniki ya daktari wa meno, juu ya daktari wakakaa wapangaji, na juu ya wapangaji ndiyo ghorofa mpya ambayo Tajiri, mwenye jengo na karakana, aliiongeza bila kumuuliza mtu, pamoja na matangi yake ya maji.

"Umechelewa," baba akasema.

"Kulikuwa na kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha kupunguza vikao."

Baba akacheka taratibu, kwa sababu akicheka sana vumbi lilidondoka kutoka juu na kuingia kwenye chakula. Mwalimu akamlisha kijiko baada ya kijiko, na kila baada ya vijiko kadhaa akamfuta mdomo, kama yeye alivyofutwa zamani na mikono hiyohiyo.

Boriti ilikuwa imepasuka mchana mmoja wakati wa chakula. Ilitoa sauti ya turubai jipya linalochanwa, ikashuka kidogo, na baba, ambaye alikuwa chini yake akikata kola za sare za shule, akaweka mkasi mezani na kuinua mikono. Boriti ikatulia. Washonaji wakatazama juu, wakamtazama yeye, wakaendelea kula. Mama Pacha, wa cherehani ya kwanza, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na pazia, akasema, "Fundi, tafadhali, usitoe mikono mpaka nimalize kula." Hakuitoa. Baadaye wakaleta gogo la kuegemeza, likavunjika. Wakaleta la pili, nene zaidi, likavunjika vilevile. Kwa baba boriti ilitulia. Basi akabaki hapo, na tangu siku hiyo hakulala tena kitandani kwake.

Kilichobadilika ni joto. Baba alikula chakula cha watu watatu na akazidi kukonda, na chote alichokula kilimtoka kama joto. Mama Pacha aliweka birika begani kwake na maji yakachemka kabla hajamaliza kupanga vikombe. Sare zilizofuliwa kuondoa alama za chaki zilianikwa kwenye kamba nyuma yake. Mpiga pasi aliacha kununua mkaa. Alikunja kitambaa kibichi mgongoni kwa mzee, akabandika pasi hapo ipate moto, na kila mara alisema, "Samahani, fundi."

"Inauma?" Mwalimu aliwahi kuuliza.

"Kuuma haiumi. Ila natamani kulala kwa ubavu. Huu wa kushoto. Hata kidogo tu."

Hakutaka kingine. Na jambo hilo lilionekana rahisi, kwa kuwa karakana ilikuwa na utaratibu wake, na Tajiri aliuheshimu. Kila anayefanya kazi alikuwa na siku yake ya kupumzika, na Tajiri mwenyewe ndiye aliyetafuta cha kujaza nafasi yake siku hiyo. Kwa nafasi ya baba kilichotakiwa ni nguzo ya chuma, na wauza vyuma walikuwa barabara hiyohiyo. Mwalimu akangoja mzee amalize kula, Tajiri alipopita na funguo zake akamwomba.

Tajiri hakuwa mtu wa makelele. Viatu vyake vilikuwa vimesuguliwa, na yeye alimwita kila mtu ndugu.

"Mapumziko ni ya anayefanya kazi, mwalimu," akasema. "Baba yako tangu siku ile hajakata hata kola moja."

"Ameshika jengo lako."

"Naona, sijawa kipofu. Lakini kushika ni kazi? Wewe ndiye msomi. Hata mimi fizikia niliionja kidogo kabla sijakimbia shule. Hebu nikumbushe, ndugu yangu, kazi ni nini?"

Cherehani zikapunguza mwendo. Mwalimu alikuwa akilisema jambo hilo mbele ya ubao kila muhula, na lilimtoka mdomoni kabla hajalizuia.

"Kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kule kani inakosukuma."

"Boriti imesogea?"

"Haijasogea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sifuri," Mwalimu akasema. "Lakini nishati anaitumia. Misuli yake inajikaza na kulegea ndani kwa ndani, haina hata nukta ya kupumua. Chakula kinaungua, kinatoka kama joto. Gusa birika hilo."

Tajiri akagusa birika, akarudisha mkono haraka, akapuliza vidole. "Kweli kabisa," akasema kwa upole. "Ila hatukumwajiri atoe joto. Na kama amechoka, aende nyumbani sasa hivi. Kuna aliyemfunga?"

Washonaji waliokuwa wamekaa chini ya boriti wakainamia vitambaa vyao. Baba akahamishia uzito mguu wa pili.

Jioni Mwalimu alimkuta mama yake akitandika kitanda. Mama bado alilala upande wake wa ukutani, na upande wa baba aliukunjulia shuka kila siku, akaikunja tena kila asubuhi ikiwa haijaguswa. Mwalimu akamweleza yote.

"Na wewe ukamjibu sifuri," mama akasema.

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Watoto wa watu unawafundisha hivyo?"

"Ndivyo ilivyo kwenye kitabu na nje ya kitabu."

Mama akapiga mto makofi mawili matatu. "Haya. Na mimi niliyekubeba mgongoni kwenda sokoni na kurudi, na ulivyokuwa mzito, miguu yako inakaribia kuburuza chini?"

"Njia ilikuwa tambarare?"

"Tambarare kama meza."

"Basi kani yako ilikuwa inasukuma kwenda juu, na mwendo ulikuwa unaenda mbele. Havikukutana."

"Sifuri tena?"

"Sifuri, mama."

"Elimu yenu hiyo ina choyo." Mama akakaa kitandani, akafikiri. "Na kama ingekuwa njia ya kupanda mlima?"

"Kwenda juu? Hapo ingekuwa kazi. Hakuna wa kubisha."

"Sasa si umwambie baba yako apande?" mama akasema, akazima taa.

Kesho yake Mwalimu alifika karakana anahema. Hakufungua hata chakula.

"Baba, unaweza kuiinua?"

"Kiasi gani?"

"Chochote. Hata upana wa kidole."

"Ungesema mapema," baba akasema. "Mimi nilikuwa naogopa kuharibu rangi ya ukuta."

Akapanga miguu upya, akavuta pumzi, akainua. Jengo lote likapanda. Maji yakagonga pande za matangi kule juu, na kwa daktari wa meno kitu cha chuma kikadondoka na kubingirika. Mama Pacha akatazama dari, akasema, "Jamani, leo naona kama nimefupika." Mwalimu akapanda juu ya kiti, akachukua utepe wa kupimia vitambaa na kupima. Kilikuwa kidole kizima na ushei. Akaokota chaki ya kukatia, akaandika ukutani uzito wa jengo, akazidisha kwa kidole, na jibu likawa refu kiasi kwamba chaki ikamvunjikia mkononi. Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Wanawake wakapiga makofi, na mpiga pasi akasahau pasi mgongoni kwa mzee mpaka kitambaa kikatoa moshi.

Tajiri akaja, akasoma ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho huku midomo ikicheza.

"Hesabu haina kosa," akasema. "Leo fundi amefanya kazi, tena kazi kubwa. Anastahili mapumziko. Naagiza nguzo sasa hivi."

Alikuwa ametoa simu mfukoni daktari wa meno aliposhuka ngazi. Daktari alikuwa bado na glavu, na nyuma yake alisimama mgonjwa mwenye pamba mdomoni.

"Milango yangu haifungi," daktari akasema. "Huyu bwana amelia kidogo, na wote waliokuwa kwenye benchi wamemsikia. Wameondoka."

"Sikulia," mgonjwa akasema kupitia pamba.

"Jambo dogo," Tajiri akasema. "Fundi wangu, irudishe ilipokuwa, kisha uende zako ukalale. Nguzo yenyewe nitaikata kwa urefu wa zamani, au unataka kuniletea usumbufu?"

Mwalimu aliona papo hapo kilichokuwa kinakuja. Akafungua mdomo. Lakini baba alikuwa mtu asiyependa kumsumbua mtu maisha yake yote, na mikono ilikuwa imeshaanza kushuka. Boriti ikarudi mahali pake polepole. Huko juu milango ikajifunga mmoja mmoja.

Tajiri akarudisha simu mfukoni, akaokota kipande cha chaki.

"Na kushusha, mwalimu, kunaitwaje?"

Mwalimu akatazama chaki mkononi mwa Tajiri.

"Sema umesahau!" Mama Pacha akapaza sauti. "Mwalimu, wewe si binadamu? Sahau tu kidogo!"

Swali hilo alilitoa kwenye mtihani kila mwaka, na aliyelikosa alimnyima alama bila kujali machozi. Akamtazama baba yake. Baba akamtikisia kichwa kidogo, kwa namna alivyokuwa akimtikisia alipokuwa mtoto, akiwa amevunja kitu na ameulizwa nani kavunja, kumwambia aseme kweli.

"Kazi hasi," Mwalimu akasema.

"Ukijumlisha na ile ya kwanza?"

"Sifuri. Hesabu ya boriti ni sifuri. Lakini hesabu ya mwili wa baba yangu siyo sifuri. Kilichoungua ndani yake wakati wa kuinua hakikurudi wakati wa kushusha."

"Hapo tunakubaliana moja kwa moja," Tajiri akasema. "Boriti ni yangu, mwili ni wake. Kila mtu na hesabu yake." Akafuta ukuta kwa leso, taratibu, asichafue rangi, akamwomba radhi daktari, wakapanda ngazi pamoja.

Baada ya muda cherehani moja ikaanza, zikafuata nyingine. Mwalimu akabaki amesimama na mkoba begani. Siku zote hizo alikuwa anangoja mapumziko ya baba yake yatolewe kwa haki, kama alama kwenye karatasi, na hakuwahi kufikiri vingine. Sasa akavua mkoba, akauweka chini ya meza. Akavua viatu.

"Baba, nipishe."

"Nikupishe niende wapi?"

"Sogea tu."

Akaingia pale alipokuwa baba yake, akaweka miguu penye alama za miguu ya mzee, akainua mikono. Hakuhitaji kigoda. Viganja vyake vilifika kwenye zege pamoja na vya mzee, sawasawa. Baba akatoa kidole kimoja, akasubiri, akatoa kingine. Alipotoa cha mwisho boriti ililia kidogo, kama mtu anayeuliza nani huyu, kisha ikatulia.

"Nzito?" baba akauliza.

"Nzito kama nilivyoiandika ukutani."

Mikono ya baba ilibaki juu, ilikuwa imesahau kushuka. Ikabidi Mama Pacha na mpiga pasi waikunje wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama vinavyokunjwa viti vya shughuli. Kisha mzee akapanda juu ya meza ya kukatia, katikati ya kola, akalala kwa ubavu wa kushoto.

"Kesho una vipindi?" akauliza.

"Vya asubuhi."

"Basi niamshe kab..." akasema, na usingizi ukamchukua hapohapo. Kola zilizokuwa chini yake zikajinyoosha zenyewe kwa joto lake, tena vizuri kuliko kwa pasi.

Ikawa hivyo kuanzia siku hiyo. Asubuhi Mwalimu alifundisha, mchana akaja na chakula, wakalishana, wakapokezana. Wanafunzi waliona kwamba siku hizi chaki yake ilikuwa ya moto ukiipokea mkononi, wakaipokea kwa ncha za vidole na kuendelea na swali. Mama alileta mto wa baba karakana na ukakaa huko. Mama Pacha, siku ya kwanza kabisa, alingoja kidogo, akachukua birika na kuliweka begani kwa Mwalimu, kujaribu tu. Likachemka.

"Damu ileile," akasema, akamiminia kila mtu chai.

Jioni moja washonaji wakafunika cherehani zao na kutoka wakibishana. Tajiri akapita na funguo, kama alivyopita kila jioni, akachungulia mlangoni. Akamwona mzee amelala mezani na binti yake amesimama ameinua mikono.

"Usiku mwema, ndugu zangu," akasema, na akazima taa, maana humo ndani hamkuwa na mtu aliyekuwa anafanya kazi.

Baba akavuta mto vizuri chini ya shavu, akaendelea kukoroma.