Kipimo cha Kitindamimba

Asubuhi hiyo Mama alishona mkono wa tatu kwenye blauzi ya mwalimu jirani, akaipiga pasi, akaitundika. Kitindamimba, binti aliyebaki kuishi naye, aliufumua kimyakimya kama alivyofumua makosa yote ya cherehani ile tangu mwaka jana, wateja wasije wakajua. Aliporudisha mkasi mezani aliona vidole vyake viwili havipo. Havikuuma. Sababu aliijua: tangu alipoamka Mama alikuwa akimwita "dada", na kila alichokisahau Mama kilikuwa kikitoweka nyumbani. Birika lilitangulia, ukafuata mlango wa stoo, pakabaki ukuta mtupu.

Kitindamimba aliogopa sana. Akampeleka Mama hospitali.

Walimpima damu, wakapiga picha ya ubongo. Kisha daktari akamwomba achore saa. Mama akachora duara safi, la mtu wa chaki na kitambaa, akarundika tarakimu zote upande mmoja. Za saa ya ukutani nazo zikasogea upande huohuo.

"Ni Alzaima," daktari akasema. "Na si ya jana. Mlikuwa wapi siku zote?"

Kitindamimba alizikumbuka nguo zote alizozifumua, akainamisha uso.

"Na hii?" akauliza, akiinua mkono, ambao sasa uliishia kwenye kiwiko.

"Huwapata wanaouguza peke yao. Waite ndugu zako msaidiane."

Jioni alimpigia kaka yake mkubwa, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu aoe. Akamweleza yote. Kaka akataka kuongea na Mama.

"Bingwa wangu!" Mama akachangamka. "Umekula? Kifua kimepoa?"

Wakapiga soga hadi wakachoka, ndipo simu ikarudi kwa Kitindamimba.

"Si umesikia mwenyewe? Ananijua vizuri tu," kaka akasema. "Uzee huo. Acha kututia presha." Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyekamilika viungo vyote. Akakata.

Mama alibana pini midomoni, akachukua tepu.

"Simama wima, dada, nikupime."

Kitindamimba akasimama. Tepu ikazunguka kiuno, ncha zikakutana, katikati hamna kitu.

"Mwembamba wewe! Kwenu hawakulishi?"

"Wananilisha, Mama," akajibu. Kisha akautafuta kwa macho mkono wake uliobaki, maana saa ya kumwogesha Mama ilikuwa imefika.