Sanduku Linalotaka Watu Wawili
Kila Pasaka, kabla ya safari ya kibandani mlimani, Torbjørg na mumewe walipandisha juu ya gari sanduku la skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Mwaka huu mume ni marehemu, na sanduku halinyanyuliwi na mtu mmoja.

"Mama, funga vibano vya skii juu ya gari tu," binti yake alimwambia kwa simu kutoka Hispania. "Skii zenyewe jozi moja! Sanduku la nini?"

"La machungwa na mablanketi."

"Si uyaweke kitini? Kiti cha pembeni kitupu. Lo, nisamehe, mama."

"Hujakosea, mwanangu."

Alifunga vibano, akabana skii, ncha zikitazama nyuma. Dakika kumi tu. Zamani yeye na mumewe walimaliza adhuhuri, wakigombana. Akabaki amesimama kwenye theluji, asubuhi nzima iliyobaki tupu ikimtazama.