Alhamisi ya Mzee Chathukutty

Katika wagonjwa wote waliohojiwa na muuguzi Jalaja kwa ajili ya utafiti, hakuna aliyekuwa na maneno kama mzee Chathukutty, mgema mstaafu, na fomu yake peke yake ndiyo haikuisha. Maswali yalikuwa ishirini. Kumi na tisa ya kwanza, ya maumivu, usingizi, choo na hofu, mzee aliyajibu kwa mbwembwe. Akifika la ishirini, anachoka ghafla.

"Hilo liache, sista. Njoo Alhamisi."

"Alhamisi niko Vadakara, mzee. Kwenu ni Jumanne."

"Njoo Alhamisi, mwanangu. Mimi Alhamisi ndiyo huwa na akili."

Shyamala, mkwe wake, alikuwa ameketi palepale mkekani na birika la chai ya rangi. Akacheka. "Mzoee tu, sista. Ugonjwa umemla mwili mzima, ulimi umeuacha."

Swali lenyewe lilikuwa hili: siku zako za mwisho ungependa utunzwe wapi, nyumbani au kwenye vitanda vya kliniki ya tiba shufaa, ya kuwatuliza wasiopona? Nakala ya jibu ilikwenda kwa wauguzi wanaozunguka majumbani, nao hulifuata. Ndiyo maana sharti lilikuwa mgonjwa aulizwe akiwa peke yake. Jalaja alilijua sharti hilo. Lakini amwambie mkwe wa watu atoke nje ya nyumba yake, naye ameshaandaa chai na muhogo wa kuchemsha? Aliona haya.

Zikapita Jumanne tatu. Kisha profesa aliyesimamia utafiti akapiga simu kutoka Kozhikode: Ijumaa ndiyo mwisho, na fomu yenye pengo itatupwa. Jalaja aliketi barazani kwake akiitazama. Wagonjwa arobaini na mmoja kati ya arobaini na wanne walikuwa wamesema nyumbani. Akachukua kalamu akatia alama: nyumbani. Mimi simtetei. Alijua anachokifanya, ndiyo maana aliifunga fomu upesi.

Haikupita wiki mbili, maji yakamjaa mzee mapafuni. Mwanawe alitaka kumkimbiza kliniki. Wauguzi wakafungua faili, wakamwonyesha: mzee mwenyewe amesema nyumbani. Basi wakaleta oksijeni na mofini, wakafanya kila waliloweza. Mzee alikuwa hana tena pumzi ya kubishana. Siku ya nne akafariki, katika chumba cha mbele.

Jalaja alipokwenda kutoa pole, langoni alimkuta Kelappan, mgema mwenza wa marehemu.

"Wewe ndiye yule wa maswali?"

"Ndiye mimi."

"Alikungoja Alhamisi. Siku hiyo Shyamala huwa yuko kwenye kikundi cha akina mama. Alitaka akwambie wampeleke kliniki." Kelappan alipangusa macho kwa ncha ya shuka lake. "Mkewe alifia chumba hichohicho, na Shyamala ndiye aliyemuuguza. Mwaka mzima binti wa watu hakuweza kuingia mle. Mzee hakutaka kumtwisha tena mzigo huo. Sasa angeyasema vipi mbele yake? Na majirani je? Wangesema kafukuzwa na mkwe. Sijui kwa nini alibadili mawazo."

Jalaja akaingia ndani akiwa ameazimia kusema yote.

Shyamala alikuwa amekonda. Alimkalisha, akaanza yeye.

"Ningekuwa nimeshavunjika, sista. Kumlisha uji kwa kijiko, kumgeuza, kumsafisha, chumba kilekile. Kilichonishikilia ni karatasi yako. Nilijiambia, amechagua mwenyewe. Ameniamini mimi."

Jalaja aliona wazi kwamba akiutoa ukweli, atakayepumua ni yeye, na mwanamke huyu atabaki mikono mitupu.

"Ila jambo moja linanisumbua," Shyamala akaendelea. "Kila kukicha alikuwa ananiuliza, leo Alhamisi? Hata sauti ilipokatika, midomo ilikuwa inauliza. Alhamisi kulikuwa na nini?"

"Alitaka nije siku hiyo," Jalaja akasema. "Aliniomba mara tatu. Sikuja."

Akaanza kulia, na akishaanza hakuweza kuacha. Shyamala akamshika mkono.

"Kumbe ndilo linalokuliza? Una wagonjwa wengi, dada yangu. Baba hakuwa mtu wa kinyongo. Mimi nimekusamehe kwa niaba yake."

Akainuka kwenda kumchemshia chai. Jalaja akabaki ameketi pale mkekani, amesamehewa kosa ambalo silo.