Mpaka wa Nchi ya Chumvi

Muuza vifungo ndiye aliyenitia doa moyoni. Alikuja kibandani kwangu asubuhi, akajifanya anatafuta mkasi aliouacha, kisha akainama sikioni kwangu kama mtu anayepuliza vumbi.

"Mama Chumvi, mimi sisemi kitu. Lakini nimesikia wenzake mwanao wameshagawana nchi yake."

"Nchi gani? Yule hana hata kiwanja."

"Hiyo ya kwenye makaratasi. Binti yangu si yuko pale duka la kutoa kopi? Kawaona wote wawili, yule wa saa na yule mwalimu, wanajalidisha kitabu. Yule wa saa akasema, 'Ya kwake tumeshaifunga.' Tumeshaifunga, mama! Na mwenyewe bado anapumua."

"Maneno ya dukani hayo."

"Haya. Lisemwalo lipo." Akaondoka, na mkasi akausahau tena.

Nikajaribu kushona. Zilikuwa sare za shule, nikajikuta nimeweka kola kichwa chini. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo si mimi ninayezishona, itakuwaje nisikione? Nikayakung'uta yale maneno, yakaning'ang'ania kama nyuzi kwenye sketi nyeusi. Mwisho nikafunika cherehani, nikamwambia jirani aniangalizie kibanda, nikaenda nyumbani mbiombio.

Kabla sijawafikisha mlangoni, niwaeleze hiyo nchi, maana bila hiyo hamtanielewa. Mimi nimeishia shule ya msingi, na kuandika kwangu kwa kila siku ni vipimo vya mabega na viuno. Mkiona pamepinda, nivumilieni. Naandika kwa sababu wako wanaouguza sasa hivi, na wana marafiki wazuri kama wale waliokuwa wa mwanangu, nao hawajui kwamba hata uzuri una mahali pa kuukatia.

Mwanangu alikuwa mtoa kopi kwenye duka hilohilo. Ana mdomo, basi. Kila karatasi iliyopita mikononi mwake lazima aisome. Siku moja akamwambia msichana mmoja aliyeleta hadithi yake itolewe kopi, "Samahani dada, ukurasa wa kwanza mfalme wako ana ndevu, huku mbele hana. Kanyoa lini?" Msichana badala ya kukasirika akacheka. Ndiye huyo tuliyekuja kumwita Mwalimu, alikuwa anafundisha watoto wadogo. Baadaye akaja kijana mmoja fundi saa, mpole, miwani mikubwa, anaongea kama anatembea kwenye tope. Naye alikuwa na hadithi zake kwenye bahasha. Wakamwita Babu, ingawa ndevu zenyewe zilikuwa bado zinaomba ruhusa.

Wakaungana. Wakatunga nchi moja ya watu watatu, wakaiita Kule, basi. Ukiwauliza mnaongelea wapi, wanasema Kule. Jioni wakitoka kazini wanakuja kukaa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, kwa kuwa ndiyo meza kubwa ndani ya nyumba, na ramani wakaichora kwenye karatasi yangu ya kaki ya kukatia mitindo. Sikuwanyima. Mimi nakaa pembeni napindia mikono ya mashati, masikio yangu yote yako Kule.

Ndani ya Kule, Babu alikuwa na nchi ya upepo, watu wanauhifadhi kwenye mitungi, wanapimiana. Mwalimu alikuwa na msitu ambao miti yake inatembea, lakini kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kusimama. Mwanangu akachukua uwanda mweupe wa chumvi, ndiyo maana wakamwita Chumvi, na mimi nikawa Mama Chumvi mpaka sokoni. Katika nchi yake kulikuwa na sheria moja: mtu hafi akiwa bado anangojea jibu, wala hafi yule anayedaiwa jibu hilo. Langoni pa mji alikaa mama mmoja, Bi Lango. Alimwuliza msafiri aliyerudi peke yake, "Mwenzako umemwacha wapi?" Msafiri hakujibu. Akageuka akaondoka, anazunguka uwandani miaka na miaka, na Bi Lango anamngoja. Wote wawili wako hai kwa sababu hiyo.

"Jamani," Babu alikuwa akisema, "huyu msafiri atajibu lini? Wasomaji watakufa kabla yake."

"Wakiwa wanangoja, hawafi," mwanangu anajibu.

"Usitufanyie ujanja wa wakili."

"Nenda kapime upepo wako huko, Babu. Mtungi wako mmoja unavuja tangu sura ya kwanza."

Mwalimu anagonga meza kwa kidole: "Wanafunzi! Mmoja mmoja!" Basi ni kelele, ni kucheka, ni kurushiana vipande vya chaki yangu. Mara nyingi niliwaambia mtaniamshia majirani. Leo ningewalipa hao majirani wahame, wale watatu wapige kelele tu.

Walikuwa na kanuni mbili, na walizishika kuliko watu wanavyoshika viapo. Ya kwanza: mpaka hauvukwi bila hodi. Ukitaka mti wako upite kwenye uwanda wa mwenzako, unaweka kidole kwenye mpaka pale ramanini, unasema, "Hodi." Mwenye nchi akisema "Karibu," unaingia. Asiposema, unakaa na mti wako. Ya pili: kilichosomwa mezani kwa sauti hakifutwi tena. Hata kama umejuta, utafute njia ya kuishi nacho. Mwalimu aliwahi kumuua malkia wake kwa hasira, akalia juma zima, na malkia hakufufuka.

Halafu figo za mwanangu zikaanza kushindwa. Sitaeleza sana. Ni kwenda hospitali kusafishwa damu, kurudi, kulala, miguu imevimba, kwenda tena. Kazi akaiacha. Kitanda tukakiweka chumba cha mbele apate hewa, na meza ikasogezwa ukumbini.

Wenzake hawakumtupa, niseme ukweli. Walikuja. Lakini walikuja wamebadilika. Wanavua viatu, wanaongea kwa sauti ya chini, wanakaa ukingoni mwa kiti. Mwanangu anasema, "Babu, nimefikiria vita vianze kwako." Babu anasema, "Sawa, ndugu yangu, kama unavyoona." Mwanangu anasema jambo la kijinga kabisa, makusudi, kwamba miti ya Mwalimu iote mabawa, na Mwalimu anatikisa kichwa, "Vizuri sana, wewe pumzika tu." Nikaona mwanangu anawaangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa. Wakiondoka ananiambia, "Mama, hawa siku hizi wana adabu." Alivyolitamka hilo neno, adabu, utadhani ni jina la ugonjwa.

Sasa turudi mlangoni. Nilipofika kutoka kibandani nikasikia sauti ya Mwalimu inasoma. Nikasimama nje ya pazia. Babu alikuwa amekaa mkono juu ya goti, miwani ina ukungu. Mwanangu ameegemea mito. Kitabu kilikuwa kipya, gamba la bluu, jina la mwanangu limeandikwa kwa dhahabu. Walikuwa wamemfanyia zawadi. Wameyachukua makaratasi yake yote ya nchi ya chumvi, wameyapanga, na pale alipoishia wakaendelea wenyewe mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Msafiri amerudi langoni. Amepiga magoti. Amesema mwenzake amemzika wapi. Bi Lango ameshusha pumzi, ameweka kichwa chini kwenye kizingiti, amelala.

"Mwisho," Mwalimu akasoma, sauti ikakatika.

Nikamwona mwanangu anapapasa lile gamba la bluu.

"Nzuri," akasema. "Mmefanya kazi. Asanteni sana."

Hakuwatania. Hakuuliza nani kaandika sehemu gani. Nikajua pale pale. Mwanangu hajawahi kusema "nzuri" tangu azaliwe, hata nikimpikia anachokipenda atasema "inalika".

Walipoondoka nikampelekea uji. Hakuugusa.

"Umepiga hesabu, mama?" akaniuliza. "Jibu limetolewa, basi wote wawili waliokuwa hawafi, wamekufa. Na hodi hawakupiga."

"Walitaka kukufurahisha, baba."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kugombana nao." Akageukia ukutani. "Mtu hakufungii duka lako kama anadhani kesho utakuja kazini."

Tangu hapo hakuomba tena kalamu.

Nilivumilia siku chache, nikaona mtoto anakwisha na mdomo umefungwa. Nikamfuata Babu kwenye kibanda chake. Alikuwa ameinamia saa ya mtu, lenzi jichoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa hicho kitu jichoni uniangalie. Mnamzika mwanangu kwa adabu."

Nikamwambia yote. Lenzi ikamdondoka mkononi. Akakaa anatafuta maneno, na yeye maneno yake mnajua yanavyokuja. "Mama, tuliogopa," akasema. "Tuliona asije akaondoka nchi yake ikabaki wazi. Tukasema aione imekamilika, afurahi."

"Nani alisema anataka ikamilike?"

Akafunga kibanda, tukamfuata Mwalimu shuleni, akatoka na chaki mikononi. Aliposikia alilia pale getini mbele ya watoto, kisha akajipangusa, uso mzima ukawa mweupe kwa chaki, akasema, "Twendeni."

Wakaingia bila kuvua viatu. Mwalimu akasimama mbele ya kitanda.

"Wewe Chumvi. Ule mwisho hauhesabiki."

Mwanangu akafungua jicho moja. "Umeshasomwa kwa sauti."

"Umesomwa wapi?"

"Hapa."

"Kanuni inasema mezani. Hapa ni meza? Hapa ni kitanda!"

Nikaona kona ya mdomo wa mwanangu inacheza. "Kitanda cha mgonjwa ndiyo meza yake. Hapa nakula, hapa naandika."

"Kitanda ni kitanda," Babu akasema.

"Wewe nyamaza, mwizi wa nchi."

"Mwizi? Nimekuandikia sura nzima kwa mkono wangu!"

"Na mbaya! Msafiri wangu tangu lini anapiga magoti? Yule hata kiatu hainami kufunga! Ule ujinga wa magoti ni wako, Babu, nimekujua."

"Ni wa Mwalimu!"

"Msaliti mkubwa wewe!" Mwalimu akamrushia mto.

Jamani. Nilikwenda kusimama jikoni nikashika ukingo wa beseni. Mwanangu alikuwa anapaza sauti. Alikuwa anakohoa na anapaza sauti. Mwishowe wakakubaliana: kesho atabebwa mpaka ukumbini, atakaa mezani, nao watapiga hodi kama inavyotakiwa, na yeye ndiye atakayesema kama mwisho ule unakaa au unaondoka. Wakiwa wanatoka akamwita Babu, "Na huo mtungi wako uuzibe kabla hujaja." Akanywa uji wote. Akaniambia niitandaze ramani, nikaitandaza, nikaweka mkasi juu ya kona isijikunje.

Alfajiri alianza kushindwa kuvuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali. Hakurudi.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, walikuja wale wawili. Wakakaa mezani, kila mmoja mahali pake, na kiti cha katikati kitupu. Ramani ilikuwa vile vile. Waliongea kidogo juu ya ule mwisho. Babu akasema ubaki, maana wameshachelewa. Mwalimu akasema hauwezi kubaki, mwenyewe hajakata neno. Hawakupandisha sauti. Kisha Mwalimu akaweka kidole kwenye mpaka wa uwanda wa chumvi.

"Hodi," akasema.

Tukangoja. Mimi nilikuwa na shati mkononi, sindano imesimama. Neno la "karibu" lilinifika mpaka ncha ya ulimi, maana nani hajazoea kuitikia hodi nyumbani kwake? Lakini nchi ile haikuwa yangu. Babu akavua miwani. Mwalimu hakuondoa kidole kwa muda mrefu, halafu akakiondoa.

Hawajakutana tena pale. Babu akiniona ananiamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Mwalimu nasikia alihamishwa shule. Kule hakuna anayekwenda. Mitungi imekaa, miti imesimama, na msafiri sijui kama alijibu au bado anazunguka. Kitabu cha bluu kiko kabatini, chini ya vitambaa. Sijakifungua, na muuza vifungo akiniuliza nchi aliirithi nani, namwonyesha mkasi wake.

Basi, nyinyi mnaouguza na nyinyi marafiki, haya ndiyo ya kuepuka:

Usibadilishe sauti yako ukiingia kwa mgonjwa.

Usikubali kila anachosema. Akisema ujinga, mwambie ni ujinga.

Usimmalizie kazi yake bila kumwuliza, hata kama unaijua kuliko yeye.

Usimletee zawadi yenye neno "mwisho".

Usivuke bila hodi, eti kwa kuwa mnapendana.

Usisubiri watu baki wakuletee habari za nyumba yako mwenyewe.

Usiahirishe ugomvi mzuri mpaka kesho. Kama amepata sauti leo, mbebe mpaka mezani leo.

Na nyinyi wawili, mkisoma haya, msipite ng'ambo ya barabara. Meza bado sijaisogeza.